Jina Ambalo Zaina Hakulitaja

Waliokuwa chumbani siku ile ni hawa, na nawataja kama walivyokaa. Mimi, Awa binti Nfaume, juu ya kigoda karibu na mlango. Kushoto kwangu binti yangu Rehema, na mgongoni mwake mwanawe Asha, wa miezi minane. Kitandani kaka yangu Chande, ambaye kwa wanangu ni mjomba; mkanda wake alikuwa ameshauvua. Chini mkekani, na chungu chake mbele yake, Bi Halima, fundi wa dawa za watoto, ambaye hatuna undugu naye ila ndiye aliyewapokea wanangu wote walipozaliwa. Mkeka huohuo, Zaina, mke wa mwanangu Bakari, mtu wa kijiji cha Mute. Na mapajani mwangu, si mwa mama yake, Nfaume, mtoto wa Zaina, wa miezi kumi, somo wa marehemu baba yangu. Bakari mwenyewe hakuwepo, alikuwa Mocímboa bandarini akipakua vyuma vya watu wa gesi. Ibraimo fundi baiskeli naye hakuwepo. Lililokuwepo ni jina lake.

Zaina amefariki mwezi uliopita kwao Mute, kwa presha. Nilikwenda. Wanaume waliporudi makaburini, sisi wanawake tulikuwa uani tumeshapakua wali na mbaazi, na mimi nina sahani mkononi, nikamwona Ibraimo anaingia kwa mlango wa nyuma, jicho moja zima na jingine limezibwa na ngozi kama kitovu. Tulikuwa hatujaonana tangu vita vitutawanye. Akainama. "Shikamoo, Bibi Awa." Nikamwitikia. Akasema, na uani wote walisikia, "Bibi, mimi marehemu nilikwisha kumsamehe siku nyingi. Alilitaja jina langu, lakini alilitaja kwa kipigo. Mungu amsamehe na Yeye." Wanawake wakaitikia amin. Na mimi nikasema amin. Tonge lililokuwa mdomoni nikalitemea kwenye pindo la kapulana niliyojifunga, kama mtoto. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa naisikia ile amin yangu. Nilipofika nikatafuta daftari la zamani la Asha lenye kurasa tupu. Shule yangu ni madarasa mawili na msahafu, kwa hiyo mkono wangu unakwenda polepole, lakini majina sisahau. Sijawahi kusahau jina la mtu, na kwa kutosahau huko nilimponza mtu.

Wenzangu wakisimulia mwaka uliowafanya watu, husimulia wa usichana wao. Wangu ulinikuta nina mvi na wajukuu, nikidhani nimekwisha kukua. Ulikuwa mwaka ule wa mwanzo wa maneno ya gesi. Palma yetu, mji mdogo wa pwani ya Msumbiji, iliyokuwa inalala na kuku, ikawa na malori mchana kutwa, na wanaume wenye kofia ngumu wanapanga vyumba kwa watu waliokuwa hawana vyumba vya kupangisha. Kila barazani maneno yalikuwa hayo. Nilimsikia Chande akimwambia jirani, "Iko chini ya bahari, itakuja kwa bomba mpaka jikoni kwako." Jirani akamjibu, "Bomba? Maji ya bomba nayasubiri tangu Mreno yupo, wewe unaniletea moto wa bomba!" Watu wakacheka. Zaina akapata kazi ya kufua nguo za wafanyakazi wa kambi, zile ovaroli za rangi ya machungwa, akizianika uani kwangu kwa miguu, safu nzima, na mimi kila nikitoka naziona kama watu waliokatwa vichwa. Aliyezileta na kuzirudisha ni Ibraimo, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli mbele ya nyumba yetu. Alikuwa na kengele mbili kwenye usukani, na mimi alikuwa akiniita mchumba. "Mchumba, umeamkaje leo? Mahari nakusanya." Nami namwambia, "Kusanya haraka, meno yanakwisha." Ndivyo tulivyokuwa, kila asubuhi.

Zaina sikumpenda. Nalisema kwa kuwa hayupo wa kuona haya. Alicheka kwa sauti, aliongea Kimakonde na wapita njia, alichemsha maji ya kunywa kama sisi wachafu, na alinusa nguo za wanaume kabla ya kuziloweka ili ajue ipi ya kufuliwa mara mbili. Kisimani mwanamke mmoja, Muajuma mke wa Sumaili, aliniambia, "Mkweo anavuta jasho la wanaume asiowajua, na mwanao yuko mbali." Nililichukua neno lile, nikalala nalo miezi.

Nfaume alianza kutapika Jumatano, maziwa yanarudi yameganda. Halafu homa. Kufikia Alhamisi asubuhi anahara maji matupu, meupe kama yaliyooshewa mchele, yenye harufu chachu ambayo mpaka leo nikisikia togwa limeharibika nasimama. Mara nane, mara kumi, tukaacha kubadilisha nguo, tukamlaza juu ya matambara. Zaina akajifunga mtoto. "Mama, nampeleka hospitali." Nikamwambia kaa chini, Bi Halima anakuja. "Mama, siku ya kupima uzito nesi alitupa soro, ipo kwenye mkoba wangu, nimeshachanganya moja." Na kweli alikuwa ameichanganya, ile dawa yao ya unga wa chumvi na sukari, kwenye kikombe cha plastiki cha buluu. Bi Halima akaingia, akamvuta mtoto ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama kama pindo la nguo. Akagusa utosi, utosi umebonyea, ungeweza kuweka yai. Akafuta vidole. "Huyu kabemendwa."

Asiyejua neno hilo nimweleze. Kwetu husemwa mama anayenyonyesha akitoka nje ya ndoa, joto la mwanamume mwingine huharibu maziwa, na mtoto huhara mpaka aishe. Dawa ipo, lakini haishiki mpaka mama amtaje aliyekosa naye. Na kabla hajamtaja, mtoto asipewe ziwa, maana ndilo lenye sumu, wala maji, maana yanapita moja kwa moja na kuzidisha. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu, naye na mama yake. Sote pale chumbani tuliamini. Nadhani hata Zaina aliamini nusu, kwa vile alivyotazama kifua chake mwenyewe. Nikamtoa mtoto mgongoni mwake. Nikachukua kikombe cha buluu, nikakiweka nyuma ya kigoda changu. Chande nikamtuma mtoto wa jirani akamwite.

Alipoingia hakusalimu. "Haya, taja." Zaina akasema, "Mjomba, wallahi sina mtu." Kipigo cha kwanza kilimpata shingoni. Mimi nimezaa sita na kuzika watatu, lakini sauti ya ngozi juu ya ngozi katika chumba kidogo sikuwa naijua, haiendi mahali, inakurudia. Alimpiga mgongo mpaka kanga ikamgandama. Alipogeuza mkanda na kutumia upande wa chuma, Rehema akasema, "Mjomba, si kwa bizimu!" Chande akamwambia, "Nyamaza, au unamficha?" Zaina hakukimbia. Alikuwa anatambaa, na kila akitambaa alikuwa anakuja upande wangu, nikidhani ananiomba mimi huruma. Alikuwa anakuja kwenye kikombe. "Mama, kijiko kimoja. Kisha niueni." Nikakisukuma nyuma zaidi kwa kisigino. Mtoto mapajani mwangu alimsikia mama yake, akafungua mdomo kulia, akalia bila machozi. Nililiona hilo, macho makavu kabisa, na nikadhani ni nafuu.

Hapo ndipo nilipoingiza mdomo wangu. Chande alikuwa amechoka, anahema, na Bi Halima anasema dawa inapoa. Nikasema, basi mimi nitataja, yeye akubali au akatae. Nikaanza. Nilimtaja mwenye duka la mafuta ya taa. Hapana. Mkanda. Nikamtaja dereva mmoja wa lori niliyemwona akimsalimu. Hapana. Mkanda. Nikataja wanaume kwa majina yao na ya baba zao, nyumba kwa nyumba kama ninavyohesabu watu wa kualika harusini, na kila jina lilikuwa na pigo lake, na mate yamenijaa mdomoni. Nje kengele mbili zikalia, mtu anapita na baiskeli. Nikasema, "Ni Ibraimo?" Wakati ule ule Nfaume akajikunja kutapika na hakikutoka kitu, hata mate. Zaina akamtazama mwanawe, akatazama kisigino changu, na kikombe nyuma yake. Akainamisha kichwa. Mdomo hakufungua. Mimi ndiye niliyesimama na kupiga kelele, "Kasema! Kasema ni Ibraimo!" Na sauti yangu wakati huo ilikuwa na nguvu, mtaa mzima ulinisikia.

Chande akatoka; yaliyofuata sikuyaona, niliyasikia. Nilisikia Ibraimo akisema kwa furaha, "Kaka Chande, vipi, gurudumu limepasuka?" Nikasikia spana. Ilikuwa yake mwenyewe, ya kufungulia magurudumu. Wakaja wengine, maana kelele yangu ilikuwa imewaita. Wengi wao hawakujua kosa, waliona mtu anapigwa wakapiga. Mmoja aling'oa njiti kwenye gurudumu lililokuwa halijafungwa. Jina lake nalijua, lakini amekufa vitani kwa kifo kibaya na wanawe wapo, namwacha. Ukelele uliotoka wakati njiti ile inaingia sitauandika. Halafu harufu ya mpira unaoungua. Walichoma kibanda pamoja na baiskeli za watu. Moshi ukaingia mpaka chumbani. Bi Halima alikuwa anamtilia Nfaume dawa kwa kidole, dawa inamwagika pembeni ya mdomo, hamezi. Zaina akakifikia kikombe hatimaye, lakini kilikuwa kimepinduka nilipoinuka kupiga kelele, na sakafu yetu ni udongo, ilikuwa imeshakunywa yote. Akalamba vidole vyake vyenye tope, akampaka mwanawe midomo. Kabla ya adhana ya alasiri Nfaume alifia mapajani mwangu. Nilikuwa sijamrudisha kwa mama yake. Hata hilo sikulifikiria.

Tulimzika Ijumaa. Ibraimo alibebwa kwa lori la kambi kwenda kutibiwa, na kila mtu akasema Zaina wa Mute kamtaja, aibu yao wote wawili. Jumapili Asha, mtoto wa Rehema, akatapika maziwa yaliyoganda.

Rehema alinitazama, nami nikamtazama. Mume wake alikuwa baharini na wenzake wa mashua tangu mwezi uliotangulia. Kufikia mchana Asha anahara maji meupe, na harufu ni ileile. Neno likaenda kisimani haraka kuliko ndoo. Nikawaona wanakuja: Muajuma mbele, Bi Halima na chungu chake, wanawake saba au wanane nyuma, na Chande na mkanda. Muajuma akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Mama Bakari, tumekuja kukusaidia kama tulivyokusaidia Alhamisi." Rehema akapiga magoti. "Mama, sijatoka nje! Mama, unanijua!" Namjua. Mtoto wangu tangu azaliwe hajawahi hata kuvuka uwanja bila kuaga. Na wakati nasema moyoni kwamba namjua, nikaona sikuwa nimemjua Zaina hata kidogo, wala sikuwa nimetaka. Nikachukua mchi uliokuwa kinuni.

Nilipiga chungu kwanza, kikapasuka miguuni mwa Bi Halima. Chande akacheka. "Dada, weka hilo, unajiaibisha. Damu ni damu, lakini mila ni mila." Akanyoosha mkono kumshika Rehema nywele. Nikampiga. Nilikuwa nimelenga bega nikapata kifundo cha mkono, na nilisikia mfupa wa kaka yangu ukikatika kama kuni kavu. Tumenyonya ziwa moja mimi na yeye. Nikanyanyua tena, na nawaambieni kweli, mara ya pili nililenga kichwa. Wanawake wakanishika. Muajuma akanivuta mtandio mpaka shingo ikakaza, nikamng'ata mkono, damu yake ikaingia mdomoni mwangu, tukaanguka wote mlangoni. Tulikuwa wanawake watu wazima, wenye wajukuu, tunang'atana mavumbini.

Nikiwa chini nikaona miguu inapita juu yangu. Zaina alikuwa ametoka chumba cha ndani. Uso wake umevimba jicho moja halifunguki, mkono wa kulia haunyanyuki, na maziwa yaliyokosa mtoto yamelowesha kanga yake mpaka tumboni. Wakampisha, nadhani kwa kumwogopa, maana alikuwa kama amefufuka. Akamtwaa Asha kwa mkono wa kushoto, akaketi katikati ya ugomvi wetu, akatoa pakiti ya soro kwenye mkoba, akaipasua kwa meno, akamimina maji aliyoyachemsha yeye. Kijiko. Asha akatapika. Akasubiri, midomo yake inahesabu. Kijiko tena. "Ukitapika tutaanza upya," akamwambia mtoto, "mimi sina pa kwenda." Chande alikuwa ameegemea ukuta ameshika mkono wake, analia. Halafu Zaina akaniangalia mimi kwa jicho lile moja. "Mama, shika kijiko. Mkono wangu umechoka."

Nikashika. Kijiko baada ya kijiko mpaka hospitali, Rehema kabeba mtoto, mimi kikombe, Zaina anatembea nyuma ameshika ukuta wa nyumba za watu. Tulipofika hapakuwa na pa kukanyaga. Watoto wamelala wawili wawili, na harufu ni ileile. Mtoto wa mwenye duka la mafuta ya taa yupo. Mjukuu wa Muajuma yupo, kaletwa kwa mlango wa nyuma na mama yake wakati bibi yake yuko kwangu ananinyonga. Na chini sakafuni, kwenye kipande cha boksi, amekaa mke wa ofisa mmoja wa utawala, mama wa kusini mwenye hereni za dhahabu, mtoto wake amelegea vilevile na sindano ya maji mkononi. Nikamuuliza nesi, Dona Celeste, aliyeletwa kwetu kutoka Inhambane na Kiswahili alikuwa anakiokota njiani, "Binti, na huyu naye mama yake kamtaja nani?" Hakunielewa. Rehema akamwelezea kwa Kireno kidogo alicho nacho. Dona Celeste akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kama mtu aliyevunjika goti.

Akasema, "Vovo, yaani bibi, sikiliza. Hii ni mdudu. Mdogo sana. Anaitwa rotavirusi. Mashine ya kumwona hapa hatuna, lakini anavyokwenda nyumba kwa nyumba, kutapika, homa, maji, ni huyu. Anaingia kwa mkono, kwa kitambaa, kwa toi, ya kuchezea. Mtoto wa tajiri, wa maskini, wa mama mzuri, wa mama mbaya. Wote anawapata. Mtoto hafi kwa mdudu. Anakufa kwa kukauka. Anataka maji na ziwa. Maji na ziwa, vovo, tu." Nikarudia jina lile kimoyomoyo, ro-ta-vi-ru-si, nami hukumbuka kila jina. Jina tulilokuwa tukilitafuta kwa mkanda lilikuwa hilo. Zaina asingeweza kulitaja hata tungemchuna.

Kisha Dona Celeste akauona uso wa Zaina. "Nani kafanya hii?" Nilikuwa nimesimama hapo na kikombe. Rehema akatazama chini. Zaina akasema, "Nimeanguka na ndoo kisimani." Nesi akatutazama wote watatu mmoja mmoja, akaenda kutafuta pamba.

Asha akapona. Bakari akarudi akalia, akataka kumuua mjomba wake, tukamshika, na jambo likazikwa kwa namna mambo yanavyozikwa kwetu, kwa kutosemwa. Zaina alikaa nami miaka, akazaa wawili. Matone ya mdomoni ya kuzuia ugonjwa ule yalipoletwa hospitali kwetu baadaye, alikuwa wa kwanza kwenye mstari na mtoto wake wa mwisho, tangu alfajiri, akarudi akanionyesha mdomo wa mtoto, "Mama, amemeza yote." Na miaka yote hiyo watu walikuwa wakisema ndiye aliyempofusha Ibraimo, na mimi niko nao kwenye mkeka mmoja nasikia. Mara moja tu tulipokuwa tunachagua mchele aliniambia, bila kuinua macho, "Mama, wewe si unajua." Nikasema najua. Akaendelea kuchagua.

Sasa nyinyi mtakaosoma. Kama Chande alikaa kitandani au kwenye kiti, nisahihisheni. Kama yalikuwa majina manane au kumi niliyoyataja kabla, Rehema yu hai, mwulizeni. Kama ilikuwa Jumatano au Jumanne, kama kikombe kilikuwa buluu au kijani, andikeni pembeni, nimeacha nafasi. Daftari hili litakwenda kwa Ibraimo kwanza, na atakayemsomea ni Asha. Ibraimo, msichana huyo ndiye aliyeinuliwa na Zaina kwa mkono mmoja. Mtazame vizuri kwa jicho ulilo nalo. Ule msamaha uliompa marehemu uani mbele za watu umeuweka pasipo pake. Marehemu hakufungua mdomo. Mimi ndiye niliyeisikia kengele yako nikalitoa jina lako, mimi mchumba wako. Kama hapo pia nimekosea, kama kuna mtu yeyote aliyekuwa mtaani siku ile akasikia jina hilo kwa sauti nyingine isiyokuwa yangu, aje aniambie. Nyumba yangu anaijua.